Nafasi Kati ya Kibe na T

Mwalimu Naliaka alipostaafu mwezi wa nne, mtu fulani aliandika kwenye kundi letu la WhatsApp, "Njooni Jumamosi tumwage Mwalimu." Alikuwa anataka kusema tumuage. Mimi nikajibu kwamba nitaleta ndoo. Nilitukanwa na watu wazima wenye kazi zao, lakini pia nilicheka peke yangu siku nzima, kwa sababu kama kuna mtu katika mtaa wetu mzima wa Karagita anayejua vile herufi moja inaweza kukufanyia mambo, ni mimi. Nina miaka kumi na saba, niko kidato cha tatu, na nimeota ndevu ambazo ukizitafuta kwa jua zuri utaziona, kwa hivyo nina ruhusa ya kusema "enzi zetu". Sitaanza na babu yangu alitoka wapi. Watu wakiandika maisha yao huwa wanaanza na babu na mbuzi wake, halafu unalala kabla mwenyewe hajazaliwa. Nitaanza na darasa la nane, chumba cha mwisho upande wa choo, maana hapo ndipo tulikutana Jumamosi hiyo kumuaga Mwalimu, na hapo ndipo Chebet aliniona mlangoni akaniita kwa sauti watu wote wageuke, "Kibet! Kumbe bado uko hai!"

Jina langu ni Kibe. Timothy Kibe. Usipokuwa mtu wa huku utaona hiyo T anayoongeza Chebet ni kitu kidogo. Kwetu si kidogo. Kibe ni Mkikuyu. Kibet ni Mkalenjin. Ukiandika jina moja kati ya hayo mawili mahali, hata kwa kipande cha mkaa ukutani, mtu akipita tayari amejua utampigia nani kura, unakula nini na mama yako anaongeaje. Chebet yeye ni Chebet kweli kweli, tena kwao hilo jina ni lile lile la Kibet ila la msichana, kwa hivyo mwaka wote huo watu walipotuona tumekaa dawati moja walidhani mwalimu alitupanga kwa majina kufanana. Alitupanga kwa makosa. Mimi nilikuwa napiga kelele, Chebet alikuwa hapigi, na Mwalimu Naliaka aliamini kelele huisha ukiiweka karibu na ukimya. Baada ya muhula mmoja tulikuwa wawili tunaopiga kelele.

Sisi ndio tulikuwa wa mwisho kufanya ule mtihani wa zamani wa darasa la nane, ule wa alama mia tano. Baada yetu waliuzima kama stima. Kwa hivyo walimu walitubeba mwaka ule kama mayai, na kila Ijumaa tulikuwa na mtihani wa majaribio, maswali ya kuchagua A, B, C au D, unapaka penseli kwa kisanduku. Mimi nilikuwa na sheria yangu: usipojua, C. Nilikuwa nimefanya utafiti wa kina, yaani kaka mkubwa wa rafiki yangu aliniambia. Chebet hakuwa na sheria. Chebet alikuwa na tabia mbaya ya kufikiria. Nakumbuka swali moja la Kiswahili lililouliza maji ya bahari yanaporudi nyuma ufuoni huitwaje: kujaa, kufurika, kupwa, au kukauka. Hakuna mtu wa darasa letu aliyewahi kuona bahari. Tulichokuwa nacho ni Ziwa Naivasha, na ziwa letu miaka hiyo lilikuwa linapanda tu. Lilikuwa limemeza shamba la kabichi, limemeza vyoo vya watu, migunga imesimama ndani ya maji imekauka kama fimbo, na viboko wanakuja kula nyasi karibu na kamba za nguo. Nilipaka C nikapata. Chebet alipaka B akakosa, na akainua mkono.

"Mwalimu, hiyo kitu ya maji kurudi nyuma ni uongo."

"Ni bahari, Chebet. Si ziwa."

"Maji ni maji. Yakiingia kwa nyumba hayarudi nyuma. Wewe ndio unarudi nyuma."

Darasa lilicheka, na Mwalimu akacheka pia, akasema ni sawa lakini alama haiwezi kumpa. Nafikiri juu ya hiyo alama hadi leo. Mimi niliipata bila kujua kitu. Yeye aliikosa kwa sababu mwaka mmoja kabla ya hapo walihamishwa na maji, ndio akawa jirani yetu. Ukiuliza karatasi, karatasi itakuambia mimi ndio nilikuwa najua mambo ya maji.

Nyumba zetu zilikuwa zimegawanywa na ukuta wa mabati na boksi, chumba kimoja kila mtu, na mama zetu wote wawili walifanya kazi shamba moja la maua, mama yangu pakihausi, kule maua yanakofungwa, akipanga waridi kwa urefu, Mama Chebet kwenye hema za plastiki akikata. Ukuta wa aina hiyo ni redio. Jumapili moja mchana nilikuwa nimelala nikijifanya nasoma, na wao walikuwa mlangoni kwetu wanachambua sukuma, sahani moja katikati, wanaongea juu ya kampuni. Kila mwaka kampuni ililipia watoto wa wafanyakazi masomo katika shule moja kubwa upande wa Gilgil, shule ya wazungu na watoto wa wenye pesa, mahali ambapo tulisikia kuna farasi na kila mtoto ana kitanda ambacho hakiko juu ya kingine. Hiyo ndiyo ilikuwa mbingu yetu. Watu walikuwa wanaomba kanisani kwa kutaja jina lake.

"Mwaka huu ni nafasi mbili," Mama Chebet alisema.

"Si wataangalia alama tu?" mama yangu akauliza.

"Alama na sura ya Kenya."

"Sura gani tena?"

"Si unajua. Wawili hawawezi kuwa wa kabila moja. Mmoja wenu, mmoja wa wengine. Bwana Rono wa ofisi alisema kwa mkutano. Wote wakitoka upande mmoja kutakuwa na maneno."

"Na kama ningekuwa na watoto watatu, wote wako na alama?"

"Basi uwe na bahati wawili wawe wajinga," Mama Chebet akasema, na wakacheka wote wawili hadi sukuma ikaanguka.

Mimi nilienda kwa kioo. Sikuwa nimewahi kusikia hayo maneno, sura ya Kenya, na nilitaka kujua kama ninayo. Niliangalia uso wangu vizuri nikaona chunusi moja kubwa mahali ambapo Kisumu ingekuwa, na upande wa Mombasa kulikuwa safi. Nikamuita Chebet kupitia ukuta nikamuuliza yeye sura yake ni ya kaunti gani. Aliniambia niende nikapake C.

Matokeo yalipotoka, Njoki alipata 402. Njoki alikuwa binti ya supavaiza, msichana mzuri asiye na makosa yoyote ya kusimulia, na ndiyo maana hutamsikia tena sana. Mimi nilipata 386. Chebet 381. Mama yangu alipiga kelele mpaka majirani wakadhani ni nyoka. Lakini alipotulia nilimuona anahesabu kwa macho, na mimi pia nilikuwa nimehesabu. Njoki Mkikuyu. Mimi Mkikuyu. Nafasi mbili. Hapo nilikuwa nimeshatoka. Mama alinikaangia mayai, na kwetu mayai yalikuwa ya pole.

Kisha kampuni ikabandika majina kwenye lango. Njoki amechukuliwa bila maswali. Kwa nafasi ya pili, wafuatao waje kwa mahojiano: KIBET, CHEBET F.

Nilisoma hilo jina mara nyingi. Mwalimu Naliaka ndiye alikuwa ametuma majina kwa simu, na yeye huandika jina la ukoo kwanza, halafu herufi: Kibe, nafasi, T, nukta. Chebet, nafasi, F, nukta. Karani wa kampuni alipofika kwa langu hakuona nafasi. Na kwa nini angeiona? Kibe iko karibu na T, jina linakuja lenyewe, Kibet wako wengi pale shambani, hata dereva wa trekta. Alibonyeza tu, akaendelea na maisha yake. Katika kufuta nafasi moja, akanipa nyingine. Nilieleza huu utani watu wengi siku hiyo na hakuna aliyecheka, hasa mama yangu, ambaye alinishika mkono akanivuta ndani akafunga mlango.

"Umemwambia nani?"

"Karibu kila mtu."

"Kibe. Nisikize. Usiseme kitu tena."

"Lakini mum, mimi si Kibet."

"Wewe umepata alama ngapi? Si ni 386? Hizo alama ni za nani? Uliiba?"

"Hapana."

"Basi kama Mungu ameamua kukuwekea T, wewe ni nani uitoe?"

Nilipofikiria, niliona mama ana akili kuliko mahubiri yote ya Jumapili. Alama zilikuwa zangu. Kilichobadilika ni kabila tu, na kabila halikufanya mtihani. Halafu upande wa pili wa ukuta nikamsikia Mama Chebet anapiga pasi shati la shule la Chebet kwa ile pasi ya makaa, pole pole, na mtoto mchanga analia, na Chebet anambembeleza huku anasoma kwa sauti majina ya mito. Kila siku ilikuwa hivyo. Mimi nilikuwa mtoto mmoja na meza. Yeye alisoma mtoto akiwa mgongoni. Hilo pia halikuandikwa kwenye 381.

Siku ya mahojiano tulikalishwa kwenye benchi nje ya ofisi, sisi wawili tumepakwa mafuta tunang'aa kama viatu. Chebet alisubiri mlinzi aondoke.

"Unajua kwa nini uko hapa?"

"Kwa sababu ya akili."

"Kwa sababu wanadhani wewe ni wetu. Na unajua Rono atakusalimia?"

"Akinisalimia, nitasema poa."

"Wacha ujinga, Kibe. Atasema *chamgei*. Ukisema poa umekwisha."

Nilianza kutoka jasho. Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali ya mito na mawaziri, lakini sikuwa nimejiandaa kuwa Mkalenjin. Nikamuomba anifundishe. Aliniangalia kidogo, akaangalia viatu vyake, halafu akasema, "Akikuambia *chamgei*, jibu *amache kimnyet*. Sema kwa nguvu. Wazee wanapenda kijana anaongea kwa nguvu." Nilirudia. Alirekebisha ile *k*. Nilirudia tena mpaka akasema sasa nimeiva, hata ningeweza kuoa.

Chumba cha mahojiano kilikuwa na meza ndefu, na katikati ya meza chombo cha maua ya plastiki. Shamba la maua! Waridi halisi zilikuwa zinaenda Ulaya kwa ndege kila siku, na sisi tumewekewa plastiki na dawa ya kupuliza yenye harufu ya waridi. Nilikuwa karibu kusema kitu juu ya hiyo nikajikaza. Walikuwa wawili. Bwana Rono wa ofisi ya wafanyakazi, mtu mnene mpole wa miwani, na mama mmoja mzungu kutoka ile shule, mzaliwa wa huku huku, ambaye alikuwa na kofia ya majani hata ndani ya nyumba. Bwana Rono aliangalia karatasi, akaniangalia, akatabasamu kama mtu aliyekutana na ndugu kwenye foleni ya benki.

"Kibet! *Chamgei!*"

"*AMACHE KIMNYET!*" nikasema kwa nguvu zote.

Mabega ya Bwana Rono yakaanza kutingika. Alivua miwani akajifuta macho, akaivaa, akaniangalia, akaivua tena. Mama Kofia akamgeukia.

"Yeye nasema nini?"

"Anasema..." Bwana Rono hakuweza kumaliza. "Anasema anataka ugali."

Mama Kofia hakucheka. Aliweka mkono kifuani. "Oh, maskini! Pole sana, toto. Wewe hapana kula leo?" Na kabla mtu hajamzuia alikuwa ameenda mlangoni kumwambia mlinzi alete chakula kutoka kantini. Kilikuja haraka. Ugali kipande cha nguvu, sukuma, na nyama mbili. Sasa ningefanya nini? Nilikula. Mbele ya maua ya plastiki, nikiwa nimevaa tai ya kuazima, nilikula ugali wa mahojiano, na naapa ulikuwa mzuri. Bwana Rono alingoja nimeze, kisha akauliza kwa upole, kwa Kiswahili, "Kijana, nyumbani ni wapi?"

"Karagita."

"Hapana. Nyumbani kabisa."

"Karagita kabisa."

"Baba yako anaitwa nani?"

Hapo ndipo ningeweza kudanganya. Nilikuwa nimejifunza hata majina mawili matatu. Lakini kitu kilikuwa kinaniwasha tangu siku ile ya lango, na sikuwa na mtu mwingine wa kumuuliza isipokuwa hawa waliokuwa na jibu.

"Bwana Rono, mimi ni Kibe," nikasema. "T ni ya Timothy. Karani alisahau nafasi. Lakini nilikuwa nataka kuuliza. Nikiwa Kibe nimeanguka. Nikiwa Kibet nimepita. Na alama ni zile zile. Sasa kati ya hao wawili, ni nani alifanya mtihani?"

Mama Kofia aliomba atafsiriwe, Bwana Rono akamtafsiria kwa Kiingereza, na nilivyoona inachukua muda nikamalizia nyama ya pili. Mama Kofia alisema lile ni swali zuri sana. Bwana Rono hakusema ni zuri. Alisogeza yale maua pembeni ili anione.

"Una haki ya kukasirika," alisema. "Lakini mimi nilikuwa kwa hii kampuni mwaka ule wa fujo za uchaguzi. Wewe hukuwa umezaliwa. Niliona watu waliokula chakula kantini moja wakiulizana majina barabarani, na jina likiwa baya mtu harudi nyumbani. Hata mtu mwenye jina kama langu alifichwa chini ya kitanda cha mtu mwenye jina kama lako. Tulipoanza hii skolashipu tulisema hakuna siku mtu ataangalia hiyo orodha aone kabila moja. Si kwa sababu alama ni mbaya. Ni kwa sababu tunataka kuendelea kuishi hapa. Umenielewa?"

"Nimeelewa," nikasema. "Lakini hujajibu."

"Najua," akasema Bwana Rono.

Nilipotoka Chebet aliingia. Hakukaa sana. Aliporudi nilimuuliza wamemuuliza nini, akasema Mama Kofia alimuuliza kwa huruma nyingi kama watoto wa Karagita wanapata chakula cha kutosha, halafu akauliza anapenda somo gani, akasema sayansi, ikaisha. Tukatembea hadi nyumbani.

Nafasi alipewa Chebet. Mama yangu alipojua nilichosema mle ndani hakunipiga wala kunigombeza. Alipika ugali. Kesho yake akapika ugali. Asubuhi nikiomba chai, ugali wa jana umechomwa. Nikiangalia wali wa majirani, anasema, "Si ulienda ofisini ukasema kwa nguvu unataka ugali? Kula, Kibet." Ilikuwa hivyo mpaka nikaenda kidato cha kwanza, shule ya bweni ya wavulana upande wa Rongai, na huko chakula cha kwanza nilichopewa, sitasema ni nini, utabahatisha.

Nilikasirika, nisidanganye. Usiku wa kwanza, kwenye kitanda kilicho juu ya kingine, nilifikiria farasi. Nilisema moyoni, alama tano, alama tano. Halafu akili yangu, ambayo haijui kunyamaza hata nikiiomba, ikaanza kuzikagua hizo alama tano. Zilitoka wapi? Ninajua kwa hakika kuna maswali niliyopaka C nikiwaza chapati. Labda hizo tano ndizo zile. Labda Chebet alikosa tano zake kwa sababu alikuwa amefikiria. Lakini pia inawezekana hizo tano zilikuwa zangu halali, za kukesha, na nilinyang'anywa. Hakuna mahali karatasi inaonyesha hii ni alama ya akili, hii ya penseli, hii ya kuwa na meza. Huko Rongai nilikuta wavulana waliochaguliwa kutoka kaunti za mbali kwa alama chini sana ya zangu, kwa sababu kila kaunti ina fungu lake. Anayelala chini yangu ni mmoja wao, na leo ndiye hunieleza fizikia mpaka naelewa. Nilikuwa tayari kutoa hotuba juu ya hilo, ila anayelala chini ya dirisha naye alikuja hivyo hivyo, na huyo bado hajui fizikia wala chochote kingine, na ni mtu wa raha sana. Kila nikipata jibu zuri kuna mtu analala karibu anaharibu.

Basi Jumamosi ile ya kumuaga Mwalimu, Chebet alinivuta hadi dawati letu la zamani. Magoti hayakuingia, tulikaa juu yake. Alikuwa ameleta sahani mbili za pilau, na nikaona hajabadilika mkono, bado anakula nyama mwisho. Sauti ndiyo ilikuwa imebadilika kidogo, kama mtu anayeongea akiwa na peremende.

"Farasi wako kweli?" nikauliza.

"Wako. Wananuka."

Aliniambia wanafunzi wa huko bado humuuliza aliingiaje, kama ni kwa alama au kwa huruma, na yeye huwaambia aliingia kwa ugali, na hakuna anayemuelewa. Aliniambia sasa anajiandaa kwa mtihani wa vyuo vya Marekani. Mtu hufanya hesabu na Kiingereza kwa kompyuta, halafu anajaza maswali juu yake mwenyewe.

"Kuna mahali wanauliza wewe ni rangi gani," akasema. "Kuna visanduku. Ati mimi ni Mweusi, Kibet. Mimi sikuwa najua. Karagita yote ni weusi, nani angeniambia? Huku mimi ni Mkalenjin. Huko Gilgil mimi ni wa kulipiwa. Sasa huko mbele mimi ni Mweusi. Kila nikipanda ngazi napewa kabila lingine."

"Kwa hivyo utakuwa sura ya Amerika."

"Hata hiyo hapana. Wanasema wanaochagua hawataonyeshwa ulichojaza."

"Sasa mbona wanauliza?"

"Nilimuuliza mwalimu wetu. Akasema ni swali zuri."

Tulicheka mpaka pilau ikatupalia, kwa sababu sote wawili tunajua mtu akikuambia hivyo hana jibu. Kisha akasema anaogopa. Huko wako watoto ambao wamefundishwa ule mtihani tangu wakiwa wadogo, na wakimpita kwa alama chache, nani atajua alikuwa amebeba nini mgongoni? Na yeye akiwapita kwa sababu ya kisanduku, si kuna Kibe mwingine mahali anakula ugali? Nikamuuliza lile ambalo nimelibeba tangu darasa la nane.

"Siku ile kwa benchi. Ulikuwa unajua nafasi ni moja, na iko kati yetu wawili?"

"Nilijua."

"Kwa hivyo ulinimaliza."

Chebet aliweka sahani chini. "Wewe ulikuwa na alama tano na T. Mimi nilikuwa na kimnyet," akasema. "Lakini nikuambie ukweli. Nilikuangalia ukikariri nikajiambia, akiniuliza maana yake, nitamwambia. Nitamfundisha jibu la kweli na tuingie tuone. Wewe ndiye huuliza kila kitu duniani, Kibe. Hiyo moja hukuuliza."

Mbele, Mwalimu Naliaka alikuwa amesimama na miwani puani. Alisema kabla hajaenda anataka kutuita majina mara ya mwisho, kama zamani, na kila mtu ajibu vizuri. Aliita kwa kichwa, bila karatasi. Tuliteremka kwenye dawati tukasimama, mabega yamegusana, maana chumba kilikuwa kimejaa. Alipofika kwangu alisema "Kibe," akanyamaza muda mrefu kabisa, mrefu wa kutosha mtu kuingia hapo katikati na kiti chake, akasema, "T."

"Niko, Mwalimu," nikasema.

Kando yangu Chebet aliinama akaninong'oneza kitu kwa Kikalenjin, sentensi ndefu, akaniambia niiseme kwa nguvu, Mwalimu ataipenda.

Nilifungua mdomo. Kisha nikaufunga, nikamgeukia.

"Ina maana gani?" nikauliza.